Dada Yangu Anashona Viatu

Katika daftari la Mbusa mimi ni dada.
"Dada yangu anashona viatu sokoni Mpondwe.
Dada yangu ana ndevu."
Darasa zima lilicheka mpaka kengele,
na mwalimu, kwa wino mwekundu,
akapiga mkasi juu ya ndevu zangu.

Na mimi nilicheka kwanza, usiku, peke yangu.
Kisha nikafunua kurasa za nyuma:
bubu amekuwa dudu, bata amekuwa data,
na pembeni, muhula baada ya muhula,
miandiko mitatu, neno moja:
Mzembe. Mzembe. Mzembe.

Mzembe, huyu? Aliyeifungua redio ya marehemu babu yake
akaitandaza juu ya gunia, skrubu kwa skrubu,
akairudisha ikanasa Butembo?
Huyu ambaye kwa kupapasa tu
anajua soli ipi nimeishona mimi
na ipi ni ya jirani yangu Baluku?

Mkuu wa shule: bila karatasi, mikono yangu imefungwa.
Zahanati: macho mazima, masikio mazima, nendeni nyumbani.
Kaunti ndogo: hilo ni la wilaya.
Nikafunga kibanda, nikaenda Kasese.

Mara ya kwanza, afisa yuko semina.
Mara ya pili yupo, fomu zimekwisha;
nikatoa kopi kwa pesa yangu, kurasa tisa.
Mara ya tatu zilitakiwa picha mbili, nami ninayo moja.
Kila mara karani alinipa lile neno lake,
jepesi, kama anayerudisha chenji:
Bado.
Mwanangu angeandika dado.
Nilianza kuona kwamba yeye ndiye aliyelipatia.

Mama yake, Kabugho, hakutaka.
"Wakishamtia kwenye kitabu chao cha walemavu
nani atamfuta? Nani atampa mke?"
Nikamwambia: jina wameshampa, la wino mwekundu.
Mimi natafuta jingine, lenye mhuri.
Hakujibu. Asubuhi nilikuta amenifungia mihogo ya njiani,
na shati la Mbusa limepigwa pasi.

Bi Kemigisa alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi.
Fomu yake iliuliza: Tatizo la mtoto,
ikaacha mstari wa urefu wa kidole.
Nilitafuta mstari wa redio. Haukuwepo.
Nikaandika pembezoni, nikazunguka kona,
nikageuza karatasi, nikaendelea mgongoni mwake.

Hakuisoma. Alimsogezea Mbusa kitabu:
"Soma hapa. Mimi sina haraka."
Miaka sita ya shule, hilo hakuwahi kuambiwa.
Akaweka kidole chini ya neno
kama anavyotafuta mshono uliofumuka,
akasimama, akarudi, akapita.
Mistari mitatu. Nje walishusha lori zima la saruji.
Hakuna aliyecheka.
Mimi nilitazama kalenda ya ukutani, ya mwaka juzi,
kwa sababu ilibidi nitazame kitu.

Barua ninayo. Mwalimu wa ziada kila Jumanne.
Muda wa nyongeza kwenye mtihani.
Asisimamishwe kusoma mbele ya wenzake
mpaka mwenyewe atake.
Kopi moja iko shuleni, moja kwenye boksi la viatu,
moja kibandani, chini ya kopo la gundi,
maana nawajua: karatasi zao zina miguu.

Jumanne ya kwanza mwalimu hakuja;
pikipiki ya ofisi haina mafuta.
Ya pili, hivyo hivyo.
Ya tatu nilimngoja barabarani na lita mbili,
sikuuliza ni kazi ya nani kununua.
Nitauliza. Ninaandaa barua nyingine.

Wiki hii, katika daftari:
baba mara moja, dada mara nne.
Wino mwekundu haupo.
Nashona. Nina ndevu.
Nangoja Jumanne.